Ugonjwa Haukutoka Kwenu

Chumba cha uani, nyumbani
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Wifi,

Hujambo? Bwana Mdogo wetu naye? Bado anacheka akiona maji ya kuoga? Sisi wazima wa mwili tu. Nyuso ndizo hatuna pa kuziweka.

Majibu ya damu mliyotoa kabla hujaondoka na mtoto yamekuja. Kaka aliitwa hospitali Jumatano. Mama akang'ang'ania kwenda, nami nikafuata.

Daktari wa vinasaba, dada mmoja mpole, alichomoa waya wa chaja. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi ndefu zilizobeba urithi wetu, ziitwazo kromosomu. Akavua pete yake, akauvuta waya humo ukawa kitanzi. Ndivyo protini fulani zenye umbo la pete zinavyozikunja nyuzi hizo, sehemu zilizo mbali zikutane, ziamshane, mtoto akue. Kwa Bwana Mdogo, protini inayozivisha nyuzi pete hizo ina hitilafu. Ndiyo maana vidole vyake ni vifupi na hakui upesi.

Mama hakungoja amalize. "Kwa hiyo mama yake ndiye kamletea?"

"Hapana, Mama. Tumepima wazazi wote wawili, hakuna aliye nayo. Imezuka yenyewe mimba ilipoanza."

Kaka aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Wifi, siku Mama alipokwambia mbele ya shangazi zetu kuwa ukoo wenu una mkosi, nilijifanya nasuuza vikombe. Ulinitazama, nami nikafungua bomba zaidi. Naona haya hata kuliandika hilo.

Jana Mama aliwaita shangazi walewale. Akasema amesimama: "Nilimsingizia mke wa mwanangu. Mliyasikia yale, yasikieni na haya." Shangazi mkubwa akajitia kumtuliza, eti yaliyopita si ndwele. Mama akamkatiza: "Kwako wewe. Yeye bado yanamuuma."

Kaka anataka kuja. Nimemwambia asithubutu mpaka umwite. Usijiharakishe kwa ajili yetu. Lisilongoja ni moja: daktari anataka mtoto apimwe moyo na masikio hukohuko uliko.

Nisalimie mama yako na kaka zako, kama watakubali salamu za nyumba hii. Mungu amkuze Bwana Mdogo kwa mwendo wake mwenyewe.

Wifi yako akupendaye, hata usipojibu.