Nafasi ya Mtu Mmoja kwenye Mkutano wa Bukavu

Dada yangu mpendwa Zuhura, huko Kabambare,

Nimechanganyikiwa, na wewe ndiye niliyezoea kumpelekea vurugu za kichwa changu. Wameniita tena Bukavu, kwenye mkutano wa watengeneza tovuti. Safari hii wanataka nisimame mbele ya watu nieleze tovuti yetu ya barabara: inakuwaje dereva wa pikipiki anayekwenda Salamabila aone wapi hapapitiki, hata pale reso, mtandao wa simu, inapokatika. Nafasi ni ya mtu mmoja. Wewe unajua, nami najua, kwamba sehemu hiyo siielewi.

Unakumbuka semina ya kwanza, ile ya Kindu? Baba alisema msichana hawezi kukaa siku mbili juu ya pikipiki na wanaume asiowajua, basi nikaenda mimi. Nilirudi hapa Kasongo na begi, kofia, baji shingoni, na vumbi mpaka masikioni. Hukuniacha hata ninawe. "Mwenye alienda lazima aeleze wenye walibakia," ukasema, umeshakaa mkekani na daftari. Nikasoma nilichoandika: picha ziwe ndogo.

"Ndogo kwa macho ao kwa uzito?"

Sikujua. Ee dada, nilitoka jasho kuliko njiani! "Sasa ulienda kufanya nini kule? Kukula?" Tulicheka mpaka mama akaja kuchungulia. Kesho yake ulikuwa umeshapata jibu mwenyewe, na ukurasa wetu ukafunguka haraka hata kwenye simu ya mama yenye kioo kilichopasuka.

Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka. Kuna siku najiambia semina hizi ni bure kabisa: hotuba ndefu, mtu anatusomea maneno yaliyomulikwa ukutani kana kwamba hatukwenda shule, nami nasinzia. Kisha nakumbuka mara ya kwanza Bukavu. Ndani ya ukumbi sikuambulia kitu. Kwenye foleni ya chai, mwanamke mmoja wa Uvira akasema tu hivi hivi, "Iko namna ya kufanya ukurasa ubakie mu telefone, ata reso ikikatika." Nilikuletea sentensi hiyo moja. Ukaishughulikia wiki tatu, ukisonya kila betri ikiisha, mpaka ikawa. Nisingekwenda, tusingeisikia. Na ungekwenda wewe, ungeleta nini? Swali hili linanitesa.

Lile jingine ulisikie kutoka kinywani mwangu, ingawa picha uliiona. Mwaka jana mwaliko wa Bukavu ulikuwa na majina yetu mawili. Nilikuambia umekuja kwa jina langu peke yangu. Baba hakuhusika, ni mimi, nilitaka kwenda. Kule wakauliza nani aliyeitengeneza tovuti, nikainua mkono, wakanipiga picha na kuandika chini yake kwamba mtengenezaji ni mimi. Ningependa kusema mkono uliinuka wenyewe, lakini huo ungekuwa uongo mwingine. Ulipoiona ile picha hukunigombeza. Ulinipa hongera tu, "Felisitasyo, mdogo wangu," ukafunga kompyuta. Miezi miwili baadaye ukaolewa, ukahamia huko, na simu zangu hupokei. Afadhali ungenitukana, dada. Naona aibu, na nimekukosa sana.

Jana niliwajibu. Niliandika kwamba aliyeifanya kazi ni Zuhura, kwamba mwaka jana niliwadanganya, na kwamba nafasi ni yako. Labda hawataniita tena popote, na wala sijui kama kukosa mikutano yao ni hasara au ni kupumzika. Shemeji nilimpigia, akasema, "Ye mwenyewe ataamua." Basi sijui kama utakwenda. Sijui kama nimekurudishia haki yako au nimekubebesha mzigo mwingine bila kukuuliza, kama kawaida yangu.

Nakuaga hapa. Mama anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha aliyoletewa. Usimjibu, ndivyo alivyo. Mungu akulinde.

Asubuhi hii watu wa mkutano wameniandikia tena. Wanauliza Zuhura ataongea kuhusu nini. Nilianza kuandika jibu, nikalifuta, nikawapa namba yako. Wakuulize wewe.

Ni mimi,
mdogo wako.