Kikohozi cha Baba Mkwe

Mjukuu wangu Atu,

Ndaga, asante sana kwa barua yako. Huku Kyimo tu wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha. Unasema chuoni mmefundishwa kwamba ubongo wa mtoto mdogo aliyeishi kwa hofu huzoea kungoja hatari. Unauliza, je, ubongo huo utatulia?

Miaka ile biashara huria ilipojaza mitumba Tukuyu, nami nimeolewa juzijuzi, tuliletewa Tusa, mtoto wa shemeji yangu, wa miaka minne. Alikotoka hakukuwa kwema, tuishie hapo. Mlango ukisukumwa tu, yuko uvunguni. Baba mkwe peke yake ndiye ambaye hakumshtua. Kwa mila yetu mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso, basi mzee alikohoa tangu migombani ili nimpishe. Nyumba nzima tukaiga. Jirani akatuletea dawa ya kifua!

Mvua zikapita, zikarudi. Asubuhi moja namenya ndizi, nikasikia kikohozi chembamba mlangoni.

“Mama mdogo, nimekohoa usije ukashtuka.”

Hata leo, mtu mzima, mlango ukibamizwa Tusa huruka kwanza, ndipo acheke. Ukija likizo, kohoa tangu migombani.

Bibi yako