Bibi Ataingia kwenye Jakuzi, kwa Masharti

Mama mpendwa,

Salamu za amani kutoka Kamembe, na swali moja kabla ya mengine: magoti ya Bibi yanaendeleaje? Na wewe, mgongo umepungua kuuma? Mimi ni mzima, masomo yanakwenda vizuri. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu Bibi husikia anayoyapenda tu, kisha hukata. Tafadhali msomee yote.

Mmesikia kwamba Babu Ramadhani aliugua hapa kwa Shangazi. Nilikuwepo, na ilikuwa hivi. Alipomaliza kuuza mchele wake sokoni, Shangazi alimkaribisha aoge kwenye jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto lililo nyuma ya nyumba. Babu akatia mkono, akacheka. "Haya ni maji ya kuoshea sahani! Ongeza moto." Papa Idi, mume wa Shangazi, akaongeza, wakaingia wote wawili.

Unajua desturi yetu kule nyumbani kwenye chemchemi za maji moto za Bugarama: anayetoka kwanza huchekwa mpaka nyumbani. Papa Idi alipotoka, Babu alipiga makofi. "We mutoto wa mjini, umeiva tayari?" Akabaki peke yake, jasho likimtiririka, akiimba. Halafu akasimama ghafla. Nilikuwa karibu, nikisoma daftari langu la biolojia. Nikaona macho yanampotea na magoti yanakunjika. Nilimshika kwapani nikapiga kelele. Tulimlaza kivulini, miguu juu, tukamnywesha maji kidogo kidogo alipozinduka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimeshinda?"

Papa Idi alicheka. Shangazi hakucheka. Alifunika jakuzi, akafunga kufuli. "Hakuna muntu wa Bugarama ataingia tena humu. Hata mama yangu."

Mama, niliumia. Bibi amengoja likizo hii mje hapa apumzishe magoti yake, na chemchemi sasa hawezi kuifikia kwa miguu. Basi jioni, tukichambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nilimwambia Shangazi kwamba kosa si la watu wa Bugarama. Maji moto hutanua mishipa. Ukikaa sana kisha ukainuka haraka, damu hushuka miguuni na kichwa hukosa. Kosa ni moto mwingi na mashindano.

"Weye ni daktari sasa?" akaniuliza.

"Bado, Shangazi."

Akachambua samaki wengine, kisha akasema, "Haya. Lakini utamlinda wewe."

Nimekubali. Kwanza, Bibi apimwe shinikizo la damu kwenye kituo cha afya, na muuguzi mwenyewe aseme kama anaruhusiwa. Akikataa, tutamkanda kwa kitambaa cha moto na habari itaishia hapo. Akiruhusiwa, nitapima maji kwa kipimajoto, yasizidi joto la mwili. Atakaa dakika kumi, mimi nikiwa pembeni, na atainuka polepole akinishika mkono. Aoge kwa sabuni kwanza. Ule udongo wa chemchemi anaojipaka auache nyumbani, maana maji ya hapa hayatiririki; yanazunguka kwenye chujio na dawa, na udongo utaliziba.

Wewe Mama, kwa hali uliyo nayo, usiingie hata kidogo. Joto lile si zuri kwa mtoto. Utakaa kivulini, nami nitakukanda mgongo. Mdogo wangu asisogee pale bila mtu mzima. Ufunguo wa kufuli utabaki na Shangazi.

Nisalimie Papa akirudi kutoka kiwanda cha saruji, na mjomba wangu kule Gitambi. Babu Ramadhani mwambie nampenda, lakini hakushinda.

Na Bibi mwambie hivi, polepole, asikate: hapa kwetu anayetoka mapema ndiye tunayempigia makofi. Nimeshaanza kunyoosha mikono yangu kwa makofi hayo.

Binti yako,
Mwajuma