Shimo la Kimeta Lililoishia Kiunoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: hujulikana kama Mzee Chokaa. Umri: miaka 68. Kazi: mstaafu, zamani msaidizi wa daktari wa mifugo. Makazi: nyuma ya mnada wa zamani.

Marehemu, fundi bomba, alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee.

Miaka kumi na tisa iliyopita ng'ombe wanne walikufa mnadani kwa kimeta. Daktari aliniagiza nichimbe shimo la mita mbili, nimwage chokaa, nifukie. Nilipofika kiunoni nikakuta mwamba. Mikono ilishachubuka, nikaona uvivu. Nikafukia hivyo hivyo, na kwenye fomu nikaandika mita mbili. Nilijua fika kwamba vimelea vya kimeta hujifunga ganda na kukaa udongoni miaka na miaka bila kufa. Nikajiambia, nani atachimba pale?

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa 3 asubuhi, nilimpelekea mkwe wangu chai pale mnadani, akichimba mtaro wa bomba. Miguuni pake niliona fupa la paja na udongo mweupe. Akanitania, "Baba, kumbe mlikula nyama hapa bila kutuita!" Nilicheka, afande. Aibu ilinifunga mdomo.

Tarehe 8 alikuwa na kidonda mkononi, cheusi katikati, kimevimba pembeni. Akasema, "Wala hakiumi, Baba. Ya nini kukihangaikia?"

Tarehe 10, saa 5 asubuhi, nilimsindikiza zahanati, ana homa. Tabibu akamuuliza, "Umeshika mnyama mgonjwa, au ngozi?" Akajibu, "Mimi nashika mabomba tu." Tabibu akanigeukia, "Na wewe mzee, una la kuongeza?" Nikasema sina. Tukapewa dawa ya kupaka, tukarudi nyumbani. Kimeta kinatibika kikiwahiwa. Nilikuwa nimekaa pale pale, nalijua jina lake, nikanyamaza kwa sababu ya fomu.

Tarehe 12, saa 2 asubuhi, pumzi zilianza kumkatika. Tulipofika hospitali nikasema yote. Daktari akaniambia, "Ungesema juzi." Alifariki saa 9 alasiri. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao watatu, na wote hawana baba.

Nimeishia hapo. Niliyosema ni kweli, sikushurutishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Ameomba binti yake asionyeshwe karatasi hii. Nimemjulisha kwamba binti yake ndiye aliyefungua jalada.