Jina la Kaka Limeondolewa Mlangoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena upesi. Kwa miaka kumi na minne niliandika habari za mauaji katika gazeti la mji wetu, kisha nikaacha nikaanza kutunga riwaya za hofu na akili zilizovurugika, na katika riwaya ya kwanza nilimtumia Nevena, msichana aliyeuawa na ambaye muuaji wake hajulikani hadi leo. Nilipokuwa bado gazetini, mama yake, Bi Tsonka, alinionyesha jikoni kwake skafu ya kijani ya marehemu akaniomba nisiitaje, nami gazetini sikuitaja, ila riwayani niliitaja, majina nikayabadilisha, na ili msomaji ashtuke mwishoni nikamfanya kaka mtu kuwa muuaji.

Bi Tsonka amekisoma kitabu. Mwezi huu umetimia mwaka wa kumi tangu Nevena auawe, akabandika matangazo ya kumbukumbu milangoni kama ilivyo desturi, lakini palipokuwa na "mama na kaka wenye majonzi" sasa pana mama peke yake. Nilimwendea. Akanipa kikombe cha ngano iliyochemshwa kwa sukari, inayoliwa kumkumbuka marehemu.

"Kula, mwanangu. Ni wewe tu uliyeniambia ukweli."

"Mama, ile ni hadithi. Nimebuni."

"Hata gazetini ulikuwa ukibadilisha majina. Unaniona mjinga? Na skafu je, umeibuni?"

Nikala ile ngano. Plamen, kaka yake Nevena, amefukuzwa nyumbani, analala gereji, majirani wanamtemea mate, na mchapishaji wangu anasema, "Nyamaza, dada, kitabu kinanunuliwa." Nifanye nini?

Zornitsa, Vratsa

Zornitsa,

Nakuhurumia, ila si sana. Mama aliyefiwa na binti sasa anampoteza na mwana, nawe ulikula ngano yake kimya. Mchapishaji mwache, hakuwapo jikoni siku ile. Wala usimlaumu mama. Wewe ndiye uliyemzoesha kwamba kila kilicho chini ya jina lako kimetokea.

Rudi kwa mama huyo kesho, ukiwa na Plamen. Usianze kwa kusema ulibuni; anza na skafu. Sema, "Habari ya skafu niliiiba kwako." Anayekiri alichoiba huenda akaaminiwa anapotaja alichobuni. Kisha yaandike hayo hayo gazetini, kwa jina lako kamili, na kitabu kisichapwe tena kama kilivyo.

Huenda asikuamini. Hiyo ndiyo adhabu yako, si ruhusa ya kuacha. Akikubali, chapa matangazo mapya yenye jina la Plamen, na ndoo ya gundi uibebe wewe, mlango kwa mlango. Asipokubali, mpelekee Plamen tangazo moja lenye jina lake, alibandike kwenye mlango wa gereji. Naye pia amefiwa.