Tamasha la Vitabu Kwenye Foleni ya Chai

Sosiot,
14 Januari 2024

Ndugu yangu Weldon,

Chamgei. Huku sote tu wazima. Mguu wa Mama umepoa, siku hizi anaenda kanisani bila fimbo na anarudi akiwa na habari za watu wote. Natumaini wewe, mke wako na watoto mko salama huko Nairobi.

Sikupigii simu kwa sababu kila ukipokea uko mkutanoni. Barua haina mkutano. Utaisoma mpaka chini.

Gazeti lako la Jumapili lilinifikia Jumanne. "Matamasha Tisa ya Vitabu ya Kuzuru Mwaka Huu", na jina lako limeandikwa kwa wino mzito. Nimehesabu: Nairobi matatu, Pwani mawili, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Nanyuki moja moja. Kericho hakuna. Bomet hakuna. Hapo ningenyamaza. Lakini ukaongeza: "Katika nyanda za chai msafiri atapata mandhari, si wasomaji."

Weldon, wewe ulizaliwa mita mia nne kutoka kituo cha kupimia chai! Nilipokuwa darasa la saba Baba alisema nyumba hii itasomesha mtoto mmoja. Mimi nikafunga plastiki ya kuchumia chai kiunoni, wewe ukavaa sweta ya shule. Hilo sikudai. Ulipomaliza ukaacha katoni ya vitabu kumi na vinne chini ya kitanda, panya wakaanza kuvisoma kabla yetu. Nikavitoa, nikavisoma, nikaanza kuwaazimisha majirani. Leo kibanda changu kando ya posho mill ya kusagia mahindi kina vitabu 612. Mwaka jana viliazimwa mara 1,316. Vilivyopotea ni saba, na kimoja kililiwa na ndama wa mwalimu. Hao walioazima ni nani? Mandhari?

Niambie tamasha linatakiwa liwe na nini ndipo liingie kwenye orodha yako. Nitalifanya mwaka huu huu.

Dada yako,
Rebeccah


Nairobi,
2 Februari 2024

Dada mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie nimefurahi sana kuhusu huo mguu. Sisi tu salama, mtoto wa pili ameota meno na hatulali.

Dada, umenichapa kama vile ulivyokuwa ukinichapa nikimwaga maziwa. Pole kwa ile sentensi. Lakini nikuulize: watu kuazima vitabu ni jambo moja, tamasha ni jambo lingine. Mtu ataendesha gari kwa saa tano kutoka Nairobi. Hawezi kufika akute viti vitupu.

Kwa vile umeuliza, haya ndiyo tunayoangalia. Tarehe ijulikane mapema. Kuwe na mwandishi angalau mmoja wa kusoma kazi yake. Watu wasipungue mia mbili. Kuwe na ukumbi wa heshima, mgeni rasmi, na ratiba inayoanza saa nne asubuhi, si saa ile watu wanapojisikia.

Usijisumbue sana. Wewe una chai, ng'ombe na Mama. Hakuna anayekudai tamasha.

Ndugu yako mdogo,
Weldon


Sosiot,
29 Aprili 2024

Ndugu yangu,

Tunaendelea vizuri kiafya. Mama anakusalimu na anauliza kama mtoto ameanza kula ugali. Afya ndiyo habari njema pekee niliyo nayo.

Nilifanya tamasha. Jumamosi tarehe 20, saa nne asubuhi, kama ulivyosema. Nilipata ukumbi wa kanisa, na viti 250 vya kuazima. Utepe mwekundu ulikuwepo. Mwandishi alikuwepo: Gesare, mwalimu kutoka Nyamira aliyeandika hadithi ya kengele ya kanisa iliyoibwa. Alifika saa tatu na dakika kumi, amevaa kitenge kipya. Mgeni rasmi alituma salamu.

Watu walikuja kumi na mmoja. Toa wawili waliokuja kufuata viti vyao, tisa. Toa mimi na Mama, saba. Gesare aliwasomea saba sura nzima kama vile anasomea uwanja mzima. Mama alilia, na si kwa sababu ya kengele.

Sasa nikwambie kosa. Ni langu, lakini wewe umo ndani. Mvua ilianza katikati ya Machi. Tarehe ishirini Aprili majani yamefura shambani, ukiyaacha siku mbili yamekomaa na karani wa kituo anayakataa. Hakuna mtu wa Sosiot anayeacha shamba lake siku hiyo, hata kwa harusi ya mtoto wake. Mimi nimechuma chai miaka ishirini na sita, Weldon. Nalijua hilo kuliko ninavyojua jina langu. Lakini nilishika karatasi yako, nikasoma "saa nne asubuhi", nikasahau kuangalia nje.

Saa kumi jioni, baada ya kurudisha viti, nilipita kituoni. Lori ya kiwanda ilikuwa imechelewa. Unakumbuka kawaida yetu: unaweka kikapu chako kwenye foleni, kikapu kinakushikia nafasi, wewe unakaa chini kungoja. Nilihesabu vikapu 308. Watu 308 wamekaa kwenye nyasi tangu saa saba, hawana la kufanya, wanasengenyana na kutafuna majani ya nyasi. Mzee mmoja alikuwa na kitabu changu mfukoni.

Wasomaji wangu walikuwa wote pale. Mimi ndiye niliyekuwa mahali pasipofaa.

Mwaka ujao nitalipeleka tamasha kituoni.

Dada yako,
Rebeccah


Nairobi,
12 Mei 2024

Dada,

Pole sana. Mtoto anakula ugali na anautupa pia. Sisi wengine tu wazima.

Nimecheka kidogo kuhusu viti, nisamehe. Lakini hili la kituoni nakushauri uliache. Dada, watu wa foleni hawakuja kusikia vitabu. Wamekwama. Ukimsomea mtu ambaye hawezi kuondoka, huyo si msikilizaji wako, huyo ni mfungwa wako. Hata mhubiri wa kwenye basi anaweza kusema amehubiria abiria sitini.

Msikilizaji ni yule anayeweza kwenda zake na akabaki. Siku utakayonionyesha hao, nitaandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Wako,
Weldon mdogo wako


Nairobi,
17 Novemba 2024

Dada Rebeccah,

Natumaini mko salama. Hii ni barua ya tatu tangu Mei na hujajibu hata moja. Ukiniona mkosaji, niambie. Mama nikimpigia ananiambia, "Yuko kituoni," halafu anakata simu kama mtu aliyeambiwa asiseme.

Orodha ya 2025 inafungwa mwezi ujao. Sitawaweka, unajua kwa nini. Lakini ile sentensi ya mandhari nimeiondoa.

Andika hata mistari miwili.

Ndugu yako,
Weldon


Sosiot,
7 Aprili 2025

Weldon ndugu yangu,

Hatujambo, hatujambo sana! Mama ana sauti ya kukwaruza kwa sababu ya kupiga vigelegele, na dawa amekataa. Nyumba yako nzima naisalimu, na huyo mla ugali pia.

Sikukujibu kwa sababu ulisema jambo la kweli, likaniuma. Mfungwa. Nililibeba shambani, nikachuma nalo miezi kumi na moja. Nikaamua sitaandika kitu mpaka niwe na hesabu.

Kwanza nilienda kwa karani wetu, Sagini. Ni Mgusii, mkali, kilo yake haipindwi. Nilimwomba aniruhusu kusomea watu wakingoja. Akaniangalia, akasema, "Rebeccah, kitabu kisiguse meza ya kukagulia majani. Na asiyenawa mikono asishike kitabu, utomvu wa chai hautoki." Akarudi kwa mizani. Kumbe hiyo ilikuwa ni ndiyo.

Nikaweka beseni mbili na sabuni. Tangu Juni tumesoma kila Jumatano. Mwanzoni walinicheka. "Rebeccah ameokoka upya!" Kufikia Septemba, nikichelewa wananiita kwa jina.

Tamasha lilikuwa juzi, Jumamosi tarehe 5. Niliichagua makusudi: majani yamefura, kila mtu amechuma, lori lazima ichelewe. Ukumbi hakuna. Utepe hakuna. Saa haikuandikwa popote. Niliandika kwenye ubao: "Tamasha linaanza vikapu vikifika mia."

Vilifika mia saa saba na robo. Wanafunzi walisoma mashairi yao. Chepchumba wa kule juu, miaka sabini na miwili, alisoma kwa Kipsigis hadithi aliyoiandika mwenyewe kuhusu mama mkwe wake, watu wakagaagaa kwa kicheko, na mama mkwe yuko hai, Weldon, amekaa mstari wa pili! Halafu Gesare akasimama. Ndiyo, alikubali kurudi. Alisema, "Mwaka jana nilisomea saba, mwaka huu hata wakiwa wanane nimepanda cheo."

Akaanza kengele yake. Alipofika pale mchungaji anafungua sanduku la mwizi, honi ya lori ikalia barabarani.

Hapo nikafa moyo. Unajua lori ikifika watu huruka kama nyuki. Sagini akapiga kelele, "Vikapu! Wa kwanza ni nani?"

Wa kwanza alikuwa Chepchumba. Hakuinuka.

"Mama, kikapu chako!"

"Si kiko hapo, karani. Kimetoroka?"

"Nikuruke?"

"Niruke uone! Ngoja kwanza tujue ni nani alichukua kengele."

Ongeri dereva akashuka amekasirika. "Kiwandani wananingoja, nyinyi mnaniletea mambo ya kengele? Kengele gani?"

Mtu akamwambia, "Ya kanisa. Imeibwa."

"Imeibwa na nani?"

"Si ndiyo tunataka kusikia, na wewe unanguruma!"

Akarudi kwa lori, nikajua ameondoka. Kumbe alienda kuzima injini. Akasema, "Basi soma, mwalimu. Lakini usisome polepole."

Gesare alisoma dakika kumi na moja. Mwizi alipojulikana, mzee mmoja alirusha kofia ikaangukia mizani. Sagini akaiandika gramu mia moja na themanini.

Lakini hiyo si hesabu ninayokuletea. Hao bado wangekuwa wafungwa, au ungesema hivyo. Sasa sikia. Baada ya hapo walianza kupimiwa. Mtu akishapimiwa ana karatasi ya kilo mkononi, kikapu ni kitupu, ng'ombe wanalia nyumbani, na mawingu yamekaa vibaya upande wa Bomet. Hakuna kinachomzuia. Nilisimama kando ya mizani na daftari, nikaandika kila mmoja alikoenda.

Waliopimiwa ni 341. Waliotoka kwa mizani wakarudi, wakapindua kikapu, wakakikalia na kusema "endeleeni" ni 297. Walioondoka ni 44. Kati yao 21 walienda kukamua, nimewauliza. Saba walikuwa na watoto wachanga. Kumi na sita sijui walikoenda. Hao kumi na sita nakupa wewe.

Mvua ilitunyeshea saa kumi na moja. Waliingia chini ya paa la kituo, wakabanana, Gesare akaendelea. Lori iliondoka imejaa. Sisi tulibaki mpaka giza lilipotunyang'anya herufi.

Nakala ya hesabu imo ndani ya bahasha. Sahihi ya kwanza ni yangu, ya pili ni ya Sagini. Ukiona Sagini ametia sahihi kitu, ujue kimepimwa.

Dada yako,
Rebeccah


Nairobi,
11 Januari 2026

Dada yangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Sisi tu wazima, na mimi ni mzima mwenye aibu.

Nilikaa na karatasi yako miezi yote hii. Nilimpigia Sagini bila kukwambia. Nikamuuliza, "Ni kweli 297?" Akanijibu, "Kwani mimi nikipima unafikiri nakisia?" Akakata simu.

Basi gazeti la leo hilo hapo. Orodha ya mwaka huu ina matamasha kumi. La kwanza kabisa ni Sosiot. Si kwa sababu wewe ni dada yangu. Mhariri hata hajui. Alisoma ile habari ya lori kuzimwa, akasema, "Hili ndilo la kwanza, mengine yapange utakavyo." Watu wameanza kupiga simu. Sitini wameshajiandikisha kutoka hapa Nairobi.

Nilikosea, Dada. Nilikosea kwa maandishi, kwa hiyo nimekiri kwa maandishi, ukurasa wa nane.

Ombi moja. Mwezi wa Aprili nikubalie niwe mgeni wako rasmi. Nitafika Jumamosi saa nne, nifungue tamasha kwa maneno machache, halafu nisome kidogo kazi yangu mwenyewe. Unaonaje?

Mdogo wako,
Weldon


Sosiot,
1 Februari 2026

Weldon,

Salamu zimefika na tunazirudisha zikiwa moto. Mama ameukata ukurasa wa nane akaubandika juu ya kabati la vyombo, mahali wageni wanakaa wakiutazama. Amesema nikwambie amekusamehe, lakini ukurasa hautoi.

Nimesoma orodha mara mbili na imenifurahisha, sikufichi. Nimeisoma mara ya tatu nikiwa kituoni, kwa sauti. Sagini alisimamisha mizani.

Wageni sitini waje. Kwaya imeniazimisha vikapu sitini, kila mmoja atachukua chake na ataingia shambani na mwenyeji wake asubuhi. Asiye na kikapu hana nafasi kwenye foleni, hata akiwa amesoma mpaka mwisho wa masomo. Tuna wanyamavu, tuna waongeaji, lakini watazamaji hatuna.

Kuhusu mgeni rasmi: hatuna cheo hicho. Mwaka huu wanaosoma ni wanaopimiwa.

Kwa hiyo usije Jumamosi saa nne. Njoo Ijumaa. Nimepanga kukuachia mistari miwili ya chai nyuma ya jikoni, hakuna atakayeigusa. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi utafunga plastiki kiunoni na nitakuonyesha: majani mawili na chipukizi katikati, ukileta manne Sagini anamwaga. Mimi na Mama hatujawahi kukuona ukichuma hata siku moja, na Mama amesema atatoa kiti nje.

Ukifikisha kilo tano, utasoma. Ukifikisha tatu, utasikiliza.

Dada yako mkubwa,
Rebeccah