Mashine Haikuvitambua Vidole vya Mama

Alhamisi, baada ya Alasiri. Mawingu yamejaa, joto limetukaba, na mvua yenyewe hainyeshi.

Leo mashine imekataa kumtambua mama yangu.

Tulikwenda hospitali asubuhi kumwandikisha kwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Asipotambuliwa, bima hailipi, na bima isipolipa hatuna njia. Mama akaweka kidole gumba kwenye kioo. Taa nyekundu. Akakifuta kwa buibui, akaweka tena.

Nyekundu.

"Mama huyu kaazima vidole!" akasema mzee mmoja nyuma yetu. Foleni ikacheka.

"Basi niazime vyako, babu, vyangu vishachoka," Mama akamjibu. Wakacheka zaidi. Mimi sikuweza.

Mama hupaka maharusi hina na piko. Piko, ile rangi nyeusi, ina dawa kali, na mstari ukipinda yeye huufuta kwa ncha ya kidole. Ngozi imebambuka mpaka imekuwa laini kama kigae.

Shuleni tumefundishwa kwamba mwili humtambulisha mtu kwa njia nyingi: uso, mboni ya jicho, sauti, hata mwendo. Alama za vidole ni njia moja tu kati ya hizo. Nikamwuliza karani kama wana mashine ya kusoma macho.

"Hapa tuna hii tu, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Mama asiguse rangi wiki mbili tatu, huenda alama zikarudi."

Na huu ndio msimu wa harusi.

Tulipofika nyumbani nilimwomba Mama avae glavu.

"Bibi harusi atadhani nimekuja kumpara magamba!" Akacheka, kisha akajishika tumbo.

Nikamwambia nitapaka mimi.

"Wewe? Mkono wako watetema."

"Utakaa kando unikosoe."

Alinipa koni ya piko na sinia kuukuu la kujifunzia. Jumamosi anangojwa na bibi harusi wa mtaa wa Buxton, ambaye bado hajui kwamba atapakwa na mwanafunzi.

Ua langu la kwanza limepinda. Mama akanyoosha kidole alifute, akakumbuka, akaurudisha mkono mgongoni.

Nimelifuta mwenyewe, kwa kitambaa. Sasa naanza la pili. Je, mkono wangu utakuwa umetulia kufikia Jumamosi?